Nyumba ya Wazee Haitafungwa

Ujerumani, mwezi wa kwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Mpe na Mama shikamoo yake, maana najua amekaa pembeni yako anasubiri usome kwa sauti. Tumsifu Yesu Kristo. Kifua chako kinaendeleaje? Fausti aliniambia kikohozi kimepungua tangu uache kukaa karibu na moto wa jikoni, lakini huyu kaka yangu ni mtu wa kusema "wote wazima" hata kama ng'ombe amelala chini haamki, kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe. Na shamba je? Huku nikitazama theluji dirishani nawaza kwamba huko Maretadu sasa mko kwenye palizi, na Mama ameshaanza kulalamika kwamba vibarua wanakata maharage pamoja na majani. Mimi sijambo. Mafua yalinikamata wiki iliyopita, yameondoka.

Barua hii anakuja nayo mtawa mmoja wa Mbulu aliyekuwa masomoni huku. Anarudi nyumbani, na ameahidi kuifikisha parokiani kwetu. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu kila nikifika penye maana mtandao unakatika, na ninyi mnabaki na nusu ya habari, tena ile nusu mbaya.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Nyumba haifungwi. Msomee Mama hapo mara mbili. Nyumba ya wazee ninayofanyia kazi haifungwi, mkataba wangu umeongezwa, na kibali changu cha kuishi huku kimefuata mkataba. Sirudishwi. Nitakuja nyumbani mwezi wa saba, kwa likizo ya kawaida kama mfanyakazi yeyote, na nitarudi kazini.

Sasa nikusimulie ilivyokuwa. Wewe ni fundi, umejenga nusu ya nyumba za kijiji chetu, mambo ya kuta huhitaji kuelezwa sana.

Nyumba yetu hii ni ya ghorofa tatu, ya matofali ya kuchoma, imejengwa kabla babu hajazaliwa. Kwa nje ni nzuri kweli. Mawe ya pembeni mwa madirisha yamechongwa maua na zabibu, na watalii wanasimama kupiga picha. Kwa ndani ni habari nyingine. Kila chumba kina jiko la chuma ukutani linalopitisha maji ya moto, na maji hayo yanachemshwa na boila kubwa la gesi lililoko chini ya nyumba. Boila linanguruma kuanzia mwezi wa kumi hadi wa nne, na joto lote linapotea nje kupitia kuta na paa. Nilipofika mwaka wa kwanza niliuliza kwa nini theluji inabaki juu ya mapaa ya majirani wiki nzima, ila kwetu inayeyuka kabla ya chakula cha mchana. Mwenzangu wa zamu akacheka, akaniambia, "Sisi tunapasha joto mawingu."

Usifikiri walikuwa hawajui. Wahandisi walikuja zamani wakapima, wakasema kuta zifunikwe, madirisha yabadilishwe. Kila mtu alikubali na hakuna aliyefanya. Gesi ilikuwa inakuja kwa bomba kutoka Urusi, bei ndogo, na serikali nayo haikumsukuma mtu. Nani avunje nyumba yake wakati moto unawaka?

Halafu vikaja vita vya Urusi na Ukraine. Hilo mlilisikia hata huko, maana Fausti aliniambia mbolea ilivyopanda bei Dongobesh. Huku kilichokatika ni gesi ya bomba, na iliyopatikana ikapanda bei mno. Kila mtu akaanza kuongea juu ya kuta, Baba, hata muuza mkate. Serikali ikaagiza maofisi yapunguze joto, taa za mapambo zizimwe, na watu wakafanya kazi wamevaa makoti. Sisi hatukuweza kupunguza. Mtu wa miaka themanini ukimpunguzia joto unamuua. Kwa hiyo boila likaendelea kunguruma kama zamani, ila sasa kila ngurumo ilikuwa inatumaliza.

Meneja wetu ni mama mmoja anaitwa Ulrike. Ni mrefu, anatembea haraka, na huwa hakai kwenye mkutano. Siku aliyotuita na akakaa, tukajua kuna neno. Akasema, "Sitawaficha. Tukipita kipupwe kingine hivi, nyumba itafungwa."

Mwenzangu mmoja Mfilipino akauliza, "Na wazee?"

"Watatawanywa. Popote penye kitanda. Wengine watapelekwa mbali sana na watoto wao."

Hakuna aliyeuliza kuhusu sisi wageni, lakini tuliangaliana. Kibali chetu kimefungamana na kazi. Kazi ikiisha, unapewa muda kidogo utafute nyingine, usipopata unaondoka. Siku ile nilikupigia simu nikakuambia nyumba inaweza kufungwa, mtandao ukakatika, na wewe ukabaki na hilo tu. Pole sana, Baba.

Serikali yenyewe ilikuwa imeshtuka, ndiyo maana ikaongeza ruzuku. Mwenye jengo akikubali kuzuia joto lisitoke, sehemu ya gharama wanabeba wao. Ulrike akaomba. Tukafurahi mapema, kwa sababu baadaye akaja bwana wa ofisi ya kuhifadhi majengo ya kale. Alizunguka nyumba na mwavuli wake, akatazama yale maua ya mawe, akasema kwa upole kabisa kwamba kwa nje hapafunikwi kitu. Sheria moja inasema funika, nyingine inasema usiguse, na zote ni za nchi hiyo hiyo. Ulrike alikuja jikoni akasimama mbele ya sinki, akafungua maji, hakuosha kitu.

Njia iliyobaki ilikuwa kufunika kuta kwa ndani, chumba kwa chumba. Kwa ndani inaruhusiwa. Lakini vyumba vina watu, na nyumba nyingine za wazee za mji wetu zilikuwa zimejaa. Ikabidi wakazi wa upande mmoja wa nyumba wahamie upande wa pili, wakae wawili wawili, mafundi wamalize upande mzima, halafu wabadilishane. Tena ilikuwa lazima tuharakishe. Redioni wanasiasa walikuwa wanagombana kila siku. Watu walikuwa wamekasirika kuambiwa wabadilishe maboila, uchaguzi ulikuwa unanukia, na wengine wakawa wanasema ruzuku ifutwe. Ulrike akatuambia, "Atakayekuwa ameanza kazi atabaki salama. Ambaye hajaanza, simjui."

Tukawakusanya wazee kwenye ukumbi wa chakula. Kuna Bibi Irmgard, alikuwa mwalimu, ndiye wa kwanza kunyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akasema, "Mimi nililala kitanda kimoja na dada zangu watatu. Nileteeni yeyote, mradi asikorome." Watu wakacheka, mikono ikaanza kunyooka mmoja mmoja.

Aliyekataa ni Mzee Reinhold.

Huyu mzee nimemhudumia tangu nilipofika. Alikuwa dereva wa treni. Aliingia hapa pamoja na mke wake, na mke alifia humo chumbani, kwenye kitanda cha upande wa ukuta wa nje. Kitanda kiliondolewa zamani, lakini hajaweka kitu pale mahali. Tukifagia, anatuangalia. Siku ile ya mkutano akasimama na fimbo yake, akasema, "Chumba changu hakiguswi." Akatoka.

Sasa upande wake ndio uliokuwa uanze, na kwa masharti ya ruzuku upande ulipaswa kufanywa wote, huwezi kuruka chumba. Kumtoa kwa nguvu haiwezekani, wana sheria kali, na hata isingekuwapo sheria Ulrike asingefanya hivyo. Mtoto wake alikuja kutoka mji mwingine akaongea naye mlango umefungwa, akatoka anatikisa kichwa. Kasisi naye alijaribu. Mafundi walikuwa wameshaleta mali yao ya ujenzi, imerundikwa uani chini ya turubai, wanasubiri mzee mmoja.

Mimi sikutumwa na mtu. Ilikuwa zamu yangu ya asubuhi, nimempelekea kahawa kama kawaida. Nilimkuta amekaa ameangalia mlango, wala si dirisha. Nikamuuliza tu, "Mzee wangu, unaogopa nini hasa?"

Akasogeza kikombe pembeni bila kunywa. Kisha akasema, "Nilikuwa na miaka sita. Wanajeshi walikuja kijijini kwetu, kule mashariki. Wakamwambia mama yangu tutoke kwa wiki mbili, kisha tutarudi. Mama akawawekea kuku maji, akafunga mlango, akaweka ufunguo chini ya jiwe."

"Mkarudi lini?"

Akaniangalia. "Mpaka leo hatujarudi. Kule sasa ni nchi nyingine."

Nikaketi juu ya kitanda chake, jambo ambalo haturuhusiwi.

Akaendelea, "Na hapa nimeona. Anayeambiwa anahamishwa kwa muda, harudi. Bibi Lenz, jirani yangu hapa, alihamishwa kwa muda, akafa. Ulrike ni mama mzuri. Hata yule mwanajeshi alikuwa na adabu."

Ningeweza kumwambia, "Nakuahidi utarudi." Lakini nilifikiri, Baba, ahadi ndiyo hasa aliyokuwa amepewa. Nikamuuliza, "Kama ule ufunguo mama yako angeuchukua, asiuache chini ya jiwe, ingekuwaje?"

"Tusingerudi vilevile," akasema. Akafikiri. "Lakini angekuwa nao."

Nikashuka mbio mpaka ofisini kwa Ulrike. Nikamwambia, "Tumpe funguo za chumba chake. Zote. Hata ule wa akiba. Mafundi wakitaka kuingia, wamwombe yeye."

Ulrike akasema, "Basilisa, hilo haliruhusiwi. Moto ukitokea je?"

Nikasema, "Mlango utakuwa wazi mchana kutwa, mafundi wako ndani. Na jioni chumba hakina mtu."

Alizunguka ile meza mara kadhaa. Kisha akampigia simu msimamizi wa mafundi, Mpolandi anaitwa Marek, mtu mnene mwenye sauti ndogo, akamweleza. Nilisikia Marek akijibu kwenye simu, "Baba yangu mimi angetaka funguo za jengo zima."

Ndivyo ilivyofanyika. Ulrike mwenyewe alipanda na funguo zote mbili akazitia mkononi mwa mzee mbele yangu. Akamwambia, "Chumba ni chako. Marek atakuja kubisha kila asubuhi. Ukisema leo hapana, leo hawaingii."

Mzee Reinhold akazitazama zile funguo, akauliza, "Na nikisema hapana kila siku?"

"Basi nyumba itafungwa," Ulrike akasema, "na mimi nitakuwa nimetimiza ahadi yangu."

Akahama siku iliyofuata. Picha ya mkewe aliibeba mwenyewe, mimi nikabeba vitu vilivyobaki. Akapangwa na mzee mwingine mfupi, mpenda redio, wakagombana kuhusu dirisha tangu dakika ya kwanza. Kila asubuhi Marek anabisha, anavua kofia, anasema, "Bwana Reinhold, tunaomba kazi." Mzee anachukua koti, anashuka ngazi taratibu, anafungua, kisha anabaki hapo kwenye kiti koridoni anawatazama mpaka chakula. Hakusema hapana hata siku moja. Baada ya muda yule wa redio naye akawa anashuka naye, na nikasikia wanagombana kuhusu kazi ya mafundi badala ya dirisha.

Sasa hapa ungependa, Baba. Kwanza walibandika mbao laini zilizotengenezwa kwa nyuzi za miti, nene kuliko upana wa kiganja changu. Ukibonyeza kwa kidole zinabonyea. Juu yake unajua walipiga plasta ya nini? Udongo. Udongo mtupu wenye majani ya ngano yaliyokatwakatwa. Nilipiga kelele. Nikamwambia Marek kwetu ndivyo ukuta unavyopigwa, akataka kujua mnachanganya nini, nikamwambia mavi ya ng'ombe, akacheka mpaka akashika ngazi. Akanieleza kwamba udongo unanyonya ule unyevu wa ndani na kuutoa, ukuta hauozi nyuma ya mbao. Wamepima wakaona unafaa kwa majengo kama haya. Nilikupigia picha nyingi, ziko kwenye simu, utaziona mwezi wa saba.

Usifikiri ilikuwa kazi ya raha. Vumbi lilikuwa mpaka kwenye uji. Wazee wawili wawili chumba kimoja, mmoja anataka taa, mwingine anataka giza, na sisi tunazunguka vitanda kwa ubavu. Miguu ilikuwa inaniuma nikipanda ngazi za kwangu. Na katikati ya yote hayo, upande wa kwanza umekaribia kwisha na wa pili haujaguswa, redio ikatangaza kwamba serikali imesimamisha ruzuku. Mahakama ilikuwa imewazuia kuhusu fungu la fedha, sikuelewa vizuri. Ulrike akafunga mlango wa ofisi. Siku zile mimi nilisali rozari kwenye basi, wala sioni aibu kukuambia.

Alipofungua mlango alikuwa ameshika simu bado. Akasema, "Ni maombi mapya tu. Sisi tulishaanza. Tunaendelea." Yule Mfilipino akaanza kulia, mimi nikamfuata, na Bibi Irmgard aliyekuwa anapita na kigari chake cha kutembelea akauliza nani amekufa.

Upande wa kwanza ulipokauka, Mzee Reinhold akarudishwa wa kwanza. Nilimsindikiza. Chumba kimekuwa kidogo kidogo, maana kuta zimenenepa kwa ndani, na kina harufu ya mvua ya kwanza. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukuta ule wa nje, mahali palipokuwa kitanda cha mke wake, akaweka kiganja. Zamani ukuta ule kipindi cha baridi ulikuwa kama bati la asubuhi. Akauacha mkono pale. Kisha akasema, "Hertha alikuwa analala na soksi mbili."

Baadaye akaniomba nitoke. Nikatoka, nikasikia anafunga kwa ufunguo kutoka ndani. Nikasogea mlangoni. Halafu akafungua, akatoka koridoni, akafunga kwa nje, akafungua tena, akaingia. Akaniambia, "Inafanya kazi," kama vile tulikuwa tumekuja kujaribu kitasa. Ufunguo mmoja alimrudishia Ulrike bila kuombwa. Mwingine anao.

Upande wa pili ulimalizika kabla ya Krismasi. Boila lile kubwa limetolewa vipande vipande, limewekwa dogo, na chini ya nyumba sasa unaweza kuongea ukasikika. Gharama zimeshuka kiasi kwamba wenye nyumba wametia sahihi kuendelea. Juzi theluji ilianguka asubuhi, na nilipotoka zamuni mchana niliinua macho nikaikuta bado iko juu ya paa letu. Nilisimama barabarani nikiitazama mpaka mtu akaniuliza kama nimepotea.

Nimewaza sana jambo hili. Kuta zilikuwa mbovu miaka yote, wahandisi walisema miaka yote, na sheria haikusogea mpaka bomba lilipokatika mbali huko. Kisha ikasogea mbele, ikarudi nyuma, kila mara kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwa ukuta. Sisi tulipita kwenye upenyo. Mji wa jirani kuna nyumba kama yetu iliyochelewa kidogo tu kuomba, imefungwa, na wazee wake wawili sasa wako kwetu. Ninawalisha, wananiuliza watarudi lini kwao. Furaha yangu ina hao ndani yake, sitakudanganya.

Na uliponieleza kwamba shule yetu imeagizwa kuacha kupikia kuni, na wazazi wanalalamika kwa nini sasa wakati msitu umekatwa tangu zamani, niliona ni habari hiyo hiyo. Nakushauri wewe kama mjumbe wa kamati ya shule: agizo likija na msaada wa jiko, chukueni mapema. Usisubiri wamalize kugombana.

Kuhusu ile nyumba unayotaka kumjengea Fausti, mwenye kuamua ni wewe. Ninaomba tu usimwezekee bati tupu. Weka dari. Baridi ya mwezi wa sita unaijua, na mke wake ana mtoto mchanga.

Msalimie Mama sana, mwambie sweta alilonifumia nalivaa ndani ya koti. Msalimie Fausti na mkewe, na mtoto ambaye sijamwona. Mama mdogo wa Gitting mwambie nimeota ninakula viazi vyake. Shangazi wa Masakta mpe pole ya mguu. Mzee wa duka pale Dongobesh, anayempokelea Fausti simu zangu yake ikiisha chaji, mpe shikamoo yangu, na umwambie nakumbuka wema wake. Mwalimu wa kwaya naye asimpe mtu mwingine nafasi yangu.

Naishia hapa kwa sababu mtawa anakuja kuchukua barua. Jana, Baba, nilitoa nguo zangu kwenye begi nikazipanga kabatini. Zilikuwa begini tangu siku ile Ulrike alipokaa.

Ni mimi binti yako,
Basilisa